Bunduki Kuukuu za Baruti

Siku moja tuliwapeleka wanafunzi wetu kulitazama boma la zamani la Wajerumani mjini Arusha, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Mtoto mmoja akatuuliza, "Mwalimu, mbona mababu zetu wa Meru hawakununua bunduki wakajilinda?" Swali hili ni jema, nasi tumeona yafaa tulijibu mbele ya wasomaji wote.

Bunduki zilikuwa zikiuzwa, tena nyingi. Katika mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Zilichukuliwa na misafara, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na mara nyingine kwa wanadamu wenzetu. Lakini zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa silaha zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Tangu miaka ya 1860 majeshi hayo yalianza kupata bunduki za kutiliwa risasi kwa nyuma. Basi magobori yao ya kale yakauzwa rahisi kwa wafanya biashara, nao wakayaleta pwani.

Na tufikiri kazi ya gobori. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi, hushindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki ndipo apige. Hata aliye hodari ni shida kupiga zaidi ya mara tatu kwa dakika moja. Mvua ikinyesha, baruti hulowa. Tena masizi yake yakiachwa ndani huvuta unyevu, na mtutu hushika kutu. Kwa hiyo hata leo, huko Ulaya na Marekani, wako watu wanunuao kwa mchezo wa shabaha bastola za baruti zilizofanywa kwa mfano wa zile za kale; naye anunuaye iliyokwisha kutumiwa na mwingine huchungulia kwanza mtutu na kila tundu la risasi, aone kama pana kutu. Mnunuzi wa zamani zile naye aliweza kuchungulia. Lakini liko jambo moja lisiloonekana mtutuni, nalo ni sababu ya mwenyewe kuiuza.

Mwaka 1890 mataifa yalipatana mjini Brussels kuzuia silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa ruhusa. Bunduki bora zilibaki mikononi mwa serikali na wale iliowaamini. Hivyo mlango uliachwa wazi kwa vitu vikuukuu tu.

Twatazama jirani zetu wa Kilimanjaro. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na bunduki na ngome ya mawe, hata hivyo Wissmann alimshinda mwezi wa Februari 1891. Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani mwezi wa Juni 1892, na mkuu wao von Bülow akafa. Lakini Agosti 1893 von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Hapa Meru silaha kuu ilikuwa mkuki na ngao. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, jambo la kusikitisha sana. Kapteni Johannes akaja kulipiza, akiwa na askari wake na wapiganaji wengi wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Mwenye gobori na mwenye mkuki walikufa siku moja.

Hata askari weusi waliomsaidia Mjerumani hawakupewa kilicho bora. Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado na bunduki ya mfano wa 1871, ya kupiga risasi moja moja kwa baruti yenye moshi, ingawa jeshi la Ujerumani lilipata bunduki isiyotoa moshi tangu 1888. Kila askari alipopiga, moshi mweupe ulimwonyesha adui mahali alipojificha.

Basi, mtoto wetu, jibu ni hili: wako walionunua, lakini walichouziwa ni kile ambacho muuzaji hakukiogopa tena. Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Anayenunua bunduki bila kuujua ufundi wa kuiunda, atarudi kwa muuzaji kila mwaka kutafuta baruti, fataki na risasi, wala hatapewa siku ile wanapogombana. Ndiyo maana tunapowafundisha watoto hesabu na kazi za mikono, hatuhesabu kuwa tunapoteza wakati. Chombo kikuukuu chaweza kununuliwa sokoni; akili ya kukiunda hupatikana kwa kujifunza.