Hela za Porini (Sehemu ya 4)

Leo tuongee hela. Neno lenyewe "hela" tunalolitamka kila siku hapa Gairo ni la Mjerumani: mwaka 1904 aliigawa rupia kuwa heller 100. Yeye kaondoka, neno limebaki.

Sasa vita ikaanza Agosti 1914. Manowari za Waingereza zikafunga bahari. Noti zilikuwa zinatoka Ujerumani, hazifiki tena, na watu wakisikia vita wanafukia sarafu za fedha. Serikali nayo ina askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa, mtama wa kununua. Ikafanyaje? Kuanzia 1915 benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikachapisha noti za dharura humuhumu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zikawa zinasainiwa kwa mkono, moja moja. Hebu fikiria hiyo kazi!

Morogoro ikachukuliwa Agosti 1916, Tabora mwezi uliofuata. Kabla haijaanguka, Tabora walishagonga sarafu zao: za shaba za heller 5 na 20, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Ile dhahabu ilitoka Sekenke.

Mwaka 1917 ndiyo vichekesho, ingawa si vya kucheka. Lettow-Vorbeck anakimbizwa kusini, mashine ya kuchapia hakuna. Noti zikagongwa kwa mihuri ya herufi za mpira, kama vitu vya kuchezea watoto. Ndizo zinazoitwa noti za porini.

Kama nesi, hapa huwa nakumbuka kwinini. Vita hiyohiyo, wataalamu wa Amani kule Usambara waliitengeneza kwa magome ya mkwinini. Ile ukinywa homa inashuka, Mjerumani awepo asiwepo. Noti inafanya kazi akiwepo tu aliyeahidi kuilipa.

Na hakuwepo. Waingereza hawakuzitambua zile karatasi. Kodi ya kibanda ikaendelea kudaiwa, na mwenye noti ya Mjerumani hawezi kuilipia. Mbuzi wake na mtama wake vilishaliwa na jeshi.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Miaka karibu 50 baadaye, sawa, angalau walikumbukwa. Je, yule mama aliyepewa karatasi ya mhuri wa mpira kwa kikapu cha mtama, ungemtafuta kwenye orodha gani?