Hisia ya Wima

Hisia ya wima ni uwezo wa kutambua kitu kilichosimama sawa na kilichoinama. Wengi huihesabu kuwa kazi ya macho, lakini jicho peke yake haliiwezi. Ubongo huoanisha picha ya jicho na taarifa za misuli ya shingo, nyayo na, zaidi ya yote, sikio la ndani. Humo mna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa. Kichwa kikiinama, vijiwe huteleza kwa uzito wake na kupinda vinyweleo vya fahamu vilivyo chini yake.

Safari ya treni huonyesha jinsi hisia hii inavyodanganyika. Treni ikishika kona kwa kasi, behewa hulalia upande wa ndani. Abiria hujiona ameketi wima. Miyombo ya nje ndiyo humwonekea imeinama. Mwanafizikia Ernst Mach wa Austria aliliona jambo hilo hilo safarini katika miaka ya 1870, likamsukuma kuchunguza sikio.

Mkao wa mwili nao una nguvu. Mtu aliyelala ubavu mchana huona mti umesimama sawa, kwa kuwa nyumba na upeo wa nchi humsaidia. Gizani msaada huo haupo. Mwaka 1861 Mjerumani Hermann Aubert alieleza kwamba, kichwa kikilazwa sana begani, mstari wa mwanga uliosimama wima katika chumba cheusi huonekana umeinamia upande wa pili. Taa ikiwashwa, unarudi wima.

Ndiyo maana fundi mwashi haachi timazi nyumbani.

Hospitalini hisia hii hupimwa hata kwa ndoo. Mgonjwa hutumbukiza uso ndani, akatazama mstari uliochorwa kwenye kitako. Mpimaji huizungusha ndoo taratibu hadi mgonjwa aseme umesimama. Uzi wenye kizito na kipimapembe nje ya kitako huonyesha kosa. Mwenye afya hukosea nyuzi 2 hivi. Sikio moja likidhurika ghafla, kosa huongezeka, na mstari huelekea upande wa sikio hilo. Kizunguzungu cha ghafla chenye dalili hiyo kisipuuzwe, kwani kiharusi nacho huweza kuipotosha wima. Mgonjwa awahishwe hospitali.