Kenya: Katiba, Serikali na Ununuzi wa Umma

Jamhuri ya Kenya huongozwa na Katiba ya mwaka 2010, iliyoidhinishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti na kutangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huohuo. Ina sura 18 na ibara 264. Iligawa madaraka kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47, na ikaweka kanuni za ununuzi wa umma ndani ya sheria kuu yenyewe.

Chimbuko la Katiba

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilitokana na mazungumzo ya Lancaster House, London. Iliunda majimbo yenye mabaraza yake, pamoja na Bunge la nyumba mbili. Mwaka 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mtendaji. Majimbo yakapokonywa nguvu na Seneti ikavunjwa. Mwaka 1982 KANU ikawa chama pekee kisheria, hadi Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoweka sharti hilo, kilipofutwa.

Rasimu ya katiba mpya ya mwaka 2005 ilikataliwa na wapigakura. Umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ulidhihirisha hatari ya kurundika mamlaka mahali pamoja. Mapatano ya Februari 2008 kati ya Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, yalifungua njia ya rasimu mpya, ambayo iliungwa mkono na takriban asilimia 67 ya waliopiga kura.

Muundo wa Serikali

Rais huchaguliwa kwa muhula wa miaka mitano, na hawezi kuzidisha mihula miwili. Ili kushinda, anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mawaziri hawawi wabunge.

Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47, wateule 12 na Spika. Seneti, yenye maseneta 67 na Spika wake, hulinda maslahi ya kaunti. Kila kaunti ina gavana na bunge lake, na kaunti kwa jumla hutengewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Mahakama ya Juu ina majaji saba. Tarehe 1 Septemba 2017 ilibatilisha uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Kenya.

Ununuzi wa Umma

Kwa miaka mingi zabuni za serikali ziliendeshwa kwa nyaraka za Hazina. Kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ilihusu mikataba ya usalama, ukiwemo wa pasipoti. Sheria ya kwanza mahususi ya ununuzi ilipitishwa mwaka 2005.

Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria Nambari 33 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inafafanua utekelezaji wake. Zabuni ya wazi ndiyo njia ya kawaida. Njia nyingine zina masharti. Kugawanya ununuzi vipande ili kukwepa taratibu ni marufuku. Zabuni hufunguliwa mbele ya wazabuni wanaotaka kuhudhuria, na asilimia 30 ya ununuzi hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Mzabuni asiyeridhika ana siku 14 za kuwasilisha malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya ununuzi wa umma, ambayo huamua ndani ya siku 21. Mkataba hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita tangu mshindi ajulishwe.

Kinga hizi zina uzito pale tu zinapotekelezwa, na utekelezaji ndio udhaifu unaojirudia katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hata hivyo, sheria haina utata: kwa mujibu wa Ibara ya 226, afisa anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo, hata akiwa ameshaondoka ofisini.