Aliyewahi Kitandani

Mtu akigongwa na lori la mizigo nchini Marekani, hata kabla dripu haijatolewa mkononi, kila anayekuja kumjulia hali humpa ushauri uleule: tafuta wakili mzuri. Ushauri huo unachukulia kwamba mawakili wamepangwa mbele ya mgonjwa kama nazi sokoni, naye kazi yake ni kuzigonga moja moja na kusikiliza mlio. Historia ya nchi hiyo haisemi hivyo. Kwa zaidi ya karne moja, mjeruhiwa hakuwa mchaguaji. Alikuwa mtu aliyelala, na swali lilikuwa nani atawahi kitandani pake. Kanuni za uwakili zilizotungwa ili kumkinga na mawakili wenye tamaa zilimfungia mlango mmoja tu kati ya wawili waliokuwa wakikimbilia chumba kile. Wa pili, mtu wa kampuni, aliachwa apite. Naamini kasoro hiyo, kuliko uhaba wa mawakili wazuri, ndiyo iliyofanya kuchagua wakili baada ya ajali ya lori kuwa jambo gumu mpaka leo.

Lori lilirithi mambo haya kutoka kwa treni. Mfanyakazi wa reli aliyekatwa mguu kati ya mabehewa alitembelewa mapema na wakala wa madai wa kampuni, mwenye maneno ya upole, kalamu, na karatasi moja. Karatasi ile ilisema kwamba aliyetia sahihi amepokea dola kadhaa na hatadai kitu tena. Wahenga wetu husema kutangulia si kufika, lakini katika madai ya ajali kutangulia ndiko kulikokuwa kufika: sahihi ikishawekwa, wakili bora wa mji mzima angekuja kukuta kesi imekwisha. Chama cha wafanyakazi wa treni, Brotherhood of Railroad Trainmen, kilichoanzishwa mwaka 1883, kilielewa jambo hili vizuri kuliko maprofesa wa sheria. Mwaka 1930 kiliigawa Marekani katika kanda 16, kikauliza mawakili wa kila eneo na majaji ni nani anayeaminika na kuyajua madai ya reli, kisha kikateua wakili au ofisi moja kwa kila kanda. Mwanachama akiumia, wenzake walimwambia asitie sahihi popote kabla hajaonana na wakili huyo. Ndiyo njia ya kwanza ya maana niijuayo ya kumchagulia majeruhi wakili: haikumtaka achague akiwa na maumivu, ilimchagulia akiwa mzima.

Chama cha mawakili cha jimbo la Virginia kiliuona mpango huo kuwa ni kutafuta wateja kwa njia haramu, kikauendea mahakamani. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa ushindi upande wa wafanyakazi. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu, alieleza hali iliyowafanya wafanyakazi wajipange hivyo: majeruhi na familia zao walinaswa ama na mawakala wa kampuni waliotaka kumaliza jambo haraka na kwa bei ndogo, ama na mawakili wasio na uwezo, au walio tayari kuuza kesi kwa pesa ya harakaharaka. Uzito wa maneno hayo uko katika kuwataja wote wawili kwa pumzi moja. Kabla ya hapo, kanuni za taaluma zilikuwa zimemwona mmoja tu.

Kanuni za maadili ambazo Chama cha Mawakili cha Marekani kilizipitisha mwaka 1908 zilimkataza wakili kujitangaza na kuwaendea watu kutafuta kesi. Mwaka 1928 mahakama ya New York iliamuru uchunguzi mkubwa dhidi ya wale ambao Wamarekani huwacheka kuwa hukimbia nyuma ya gari la wagonjwa. Watanzania wangewaita vishoka, ijapokuwa wengi wao walikuwa na leseni. Sikatai kwamba uchafu ulikuwapo. Lakini tazama aliyekuwa akiumia na makatazo haya. Wakili wa kampuni ya reli au ya bima hakuhitaji tangazo. Mteja wake alikuwa na ofisi, simu na miaka ya mazoea. Aliyehitaji kusikia kwamba kuna mtu wa kumtetea alikuwa mjane wa fundi, ambaye hakumjua wakili yeyote. Hata namna ya kumlipa wakili huyo, yaani asilimia ya fidia endapo kesi itashinda, mara nyingi theluthi moja, ilitazamwa kwa jicho baya. New York ilifungua mlango kwa sheria yake ya mwaka 1848 iliyowaachia wakili na mteja wapatane ada wenyewe. Jimbo la Maine lilikubali mwisho kabisa, mwaka 1965. Wasomaji wa Kenya watalitambua shaka hilo, kwa kuwa kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya huko bado kinabatilisha mapatano ya ada inayotegemea ushindi. Wanaotetea msimamo huo husema wakili mwenye hisa katika kesi huwa mfanyabiashara. Ni kweli kiasi. Ila asiye na pesa hana mahali pengine pa kushika, na wakili anayelipwa kwa saa naye ana hisa yake katika kesi: hisa ya kuirefusha.

Lori lilipochukua mizigo ya reli, tatizo la kuwahi likawa kali zaidi, na hapa ndipo elimu ya wakili inapoanza kupimwa. Sheria ya wasafirishaji kwa magari ya mwaka 1935 iliiweka biashara ya malori ya kati ya majimbo chini ya tume iliyokuwa ikisimamia reli, na kabla muongo huo haujaisha tume ikaweka ukomo wa saa za dereva na kumdai daftari. Ukurasa mmoja wa daftari hilo ulikuwa na jedwali la saa 24 lenye safu nne: mapumziko, kulala katika kitanda cha ndani ya kabini, kuendesha, na kazi nyingine. Dereva alichora humo mstari mmoja mfululizo, ukipanda na kushuka kati ya safu kwa usiku na mchana wake wote. Madereva wenyewe walilitania kuwa ni kitabu cha katuni, maana wengi walichora safari waliyopaswa kusafiri badala ya ile waliyosafiri. Katuni hiyo, ikiwekwa kando ya risiti za mafuta na stakabadhi za mizani, ilikuwa ushahidi mkubwa: mstari unasema dereva amelala saa nane za usiku, risiti inasema alikuwa akijaza dizeli umbali wa kilomita 300 mbele. Lakini kampuni inalazimika kuzitunza rekodi hizo kwa miezi 6 tu. Vifaa vya kielektroniki vilichukua nafasi ya kalamu kwa madereva wengi kuanzia Desemba 2017, na muda wa kutunza haukuongezwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili ajuaye malori ni barua ya kuiagiza kampuni isifute wala kutupa kitu, na barua hiyo haingoji mgonjwa apone. Aliyezoea talaka na hati za nyumba anaweza kuwa mwanasheria hodari na asiikumbuke mpaka mwezi wa saba.

Fumbo la pili ni mwenye lori. Mlangoni pameandikwa jina la kampuni, kumbe kichwa ni mali ya dereva mwenyewe, trela ni la mtu mwingine, na mzigo una mwenyewe wa tatu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni nyingi zilikodi magari kwa njia hii, na ajali ikitokea kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole. Tume ilitunga kanuni za kuifanya kampuni iliyokodi iwe na udhibiti na wajibu juu ya gari linalobeba jina lake, na Mahakama ya Juu ikazikubali mwaka 1953. Kisha ukaja mwaka 1980, biashara ikafunguliwa kwa yeyote mwenye lori, na Bunge likaweka kiwango cha chini cha bima: dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida. Kiwango hicho hakijapandishwa mpaka leo, ingawa kulazwa hospitali kwa gharama za mwaka 1980 na za sasa ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Asiyejua kuitafuta kampuni ya pili na ya tatu nyuma ya jina la mlangoni huishia kwenye bima hiyo moja, mteja wake asijue kulikuwa na zaidi.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii lina kesi yake, na si kesi ya kudharau. Mwaka 1974, katika jimbo la Ohio, wakili mmoja alisikia posta kwamba msichana wa miaka 18 amepata ajali ya gari. Alikwenda kwa wazazi wake, akaenda hospitali ambako msichana alikuwa amelala mguu ukiwa umevutwa kwa vyuma, na baada ya siku chache akawa na sahihi yake. Kwa abiria wake, msichana wa umri uleule, alikwenda na kinasa sauti alichokificha. Walipojaribu kujitoa, hakuwaachia kirahisi. Dereva yule hatimaye alimlipa theluthi ya fidia yake ili tu amalize kesi ya kuvunja mkataba. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilikubali wakili huyo aadhibiwe, nami sioni jinsi ingeweza kuamua vinginevyo. Lakini kosa lililoelezwa katika hukumu ile lilikuwa kumshinikiza mtu asiye katika hali ya kufikiri. Kosa hilo halibadiliki kwa sababu mshinikizaji amebeba kadi ya kampuni ya bima badala ya leseni ya uwakili. New York angalau imeliona: sheria yake inakataza mtu yeyote kuingia hospitali kutafuta suluhu au maelezo ya mgonjwa ndani ya siku 15 za kuumia, isipokuwa mgonjwa ametoa ridhaa ya maandishi mapema.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yalimalizwa na matangazo. Juni 1977, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliwaruhusu mawakili wawili wa Arizona waliokuwa wamechapisha gazetini bei za talaka na kubadili jina, na tangu hapo mabango ya mawakili wa malori yamejaa kando ya barabara kuu. Nakubali kwamba mabango yamefanya jambo moja jema: mjane wa fundi sasa anajua kwamba wakili yupo na kwamba hatadaiwa pesa mkononi. Lakini bango halisemi kama mwenye sura ile aliwahi kusimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama kwa kesi ya lori, au kama huzipeleka kesi kwa wengine na kupokea sehemu ya ada. Orodha ya chama cha treni ilitengenezwa na watu waliouliza majaji. Bango linatengenezwa na mwenye bango.

Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilikubali kanuni ya Florida inayomzuia wakili kumwandikia majeruhi au wafiwa kabla ya siku 30 kupita. Jaji Anthony Kennedy, katika maoni ya walioshindwa kwa kura moja, alikumbusha kwamba baada ya ajali mara nyingi uchunguzi, mashahidi na ushahidi ni mambo ya kushughulikiwa papo hapo. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria kwa ajali za ndege na likafanya lile ambalo Florida haikulifanya: lilimzuia wakili, na likamzuia pia yeyote anayeweza kuwa mshtakiwa, asiwaendee familia kuhusu madai, kwanza kwa siku 30, baadaye 45. Sheria hiyo haigusi barabara. Mtu aliyekandamizwa na lori la tani 36 huko Florida hawezi kupata barua ya wakili mwezi mzima. Lakini asubuhi ya pili simu iliyo kando ya kitanda inaweza kulia, na sauti ya upole ikampa pole, ikajitambulisha kuwa ni ya kampuni ya bima, kisha ikauliza kama hatajali mazungumzo yakirekodiwa.