Soldier of Fortune (albamu ya Loudness)

Soldier of Fortune ni albamu ya Loudness, bendi ya muziki wa hevi metali iliyoanzishwa Osaka, Japani, mwaka 1981. Ilitoka mwaka 1989 chini ya mtayarishaji Max Norman, na ndiyo ya kwanza kumshirikisha Mmarekani Mike Vescera, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Obsession.

Vescera alishika nafasi ya Minoru Niihara, aliyeimba tangu mwanzo. Shabaha ilikuwa soko la Marekani. Thunder in the East (1985), iliyotayarishwa pia na Norman, ilikuwa imeingia katika chati ya Billboard 200, lakini mafanikio hayo hayakukua ipasavyo, na Kiingereza chenye lafudhi cha Niihara kilihesabiwa kuwa kikwazo. Hukumu hiyo ilikuwa kali mno: sauti yake kavu, yenye mikwaruzo, ilikuwa sehemu ya utambulisho wa Loudness. Vescera alileta sauti ya juu iliyonyooka na matamshi safi. Mpiga gitaa Akira Takasaki hakulegeza uzi; gitaa lake lina kasi na ufundi uleule, likibebwa na besi ya Masayoshi Yamashita na ngoma nzito za Munetaka Higuchi.

Marekani haikutekwa. Vescera alirekodi pia On the Prowl (1991), akaondoka, kisha akaimba katika The Seventh Sign (1994) ya Yngwie Malmsteen. Nafasi yake ilichukuliwa na Masaki Yamada wa EZO. Niihara alirejea mwanzoni mwa miaka ya 2000.