Piloti ya Wi-Fi katika Linux: amri za kiwanda zinaongezwa namna gani?

Kila kompyuta yenye Wi-Fi iko na programu ndogo inayoitwa piloti. Wengine wanasema drayva. Kazi yake ni ya mkalimani kati ya kompyuta na chipu ya redio. Katika Linux, kodi ya piloti nyingi iko wazi: fundi anaweza kuisoma na kuirekebisha. Lakini kila kiwanda kinapenda chipu yake ifanye jambo ambalo za wengine hazifanyi. Jambo hilo linapita wapi?

Njia kubwa na mlango wa pembeni

Linux iko na lugha moja ya kuamuru Wi-Fi, jina lake nl80211. Kutafuta mitandao, kujiunga, kuchagua chaneli: yote inapita hapo, chipu iwe ya kiwanda gani. Zamani, kwa mambo ya pekee, kila piloti ilijitengenezea njia yake, na hapo vurugu ilikuwa nyingi. Mwaka 2014, toleo la Linux 3.14 lilileta amri za kiwanda: mlango wa pembeni, lakini ulio ndani ya nyumba ileile.

Kila amri inabeba namba mbili. Ya kwanza ni ya kiwanda, ile ya biti 24 inayotolewa na shirika IEEE. Ndiyo inayoonekana pia mwanzoni mwa anwani ya MAC. Ya Broadcom, kwa mfano, ni 00:10:18. Namba ya pili ni ya amri yenyewe. Ni kusema viwanda viwili vinaweza kuwa na amri namba 1 bila kugongana.

Hatua za kazi

Mfano mzuri ni brcmfmac, piloti ya chipu za Broadcom, inayotumika pia kwenye kompyuta ndogo Raspberry Pi 3. Ndani yake kuna faili vendor.c, fupi kabisa, yenye amri ya kupeleka maagizo moja kwa moja kwa programu iliyo ndani ya chipu. Fundi anayetaka kuongeza amri kama hiyo anafuata hatua hizi:

1. Anaandika namba ya kiwanda, namba za amri na umbo la data.
2. Anatengeneza jedwali la aina wiphy_vendor_command. Kila mstari unataja namba zile mbili, masharti (kwa mfano, Wi-Fi lazima iwe imewashwa) na kazi ya kufanya.
3. Anaeleza data inayokubalika. Tangu 2019, toleo la 5.3, kila amri lazima itaje jambo hilo, hata kama ni kusema tu kwamba inapokea data ghafi.
4. Anaweka jedwali kwenye wiphy kabla ya kuisajili.
5. Anajaribu kwa programu iw, kwa amri «vendor send» na namba zake, akiwa na ruhusa ya msimamizi wa mashine.

Hatari iko wapi?

Piloti inafanya kazi ndani ya kerneli, moyo wa mfumo. Kosa la kupima urefu wa data linaweza kuzimisha mashine yote, ao kumfungulia mwizi mlango. Juu ya hiyo brcmfmac inakataa ujumbe ulio mfupi kuliko kichwa chake.

Hatari ya pili ni ya siri. Mlango wa pembeni ukizidi kutumika, programu zilizofungwa zinaongea na chipu kwa lugha isiyojulikana na wengine. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa Wi-Fi ya Linux wanapima kila ombi: jambo linaloweza kufaa chipu nyingi linaingizwa katika nl80211 yenyewe, na amri ya kiwanda inabaki kwa yale ya pekee kweli, yakiwa na maelezo yaliyoandikwa.

Inatuhusu sisi?

Ndiyo. Simu za Android zinatumia kerneli ya Linux, na amri za namna hii ziko ndani ya nyingi. Tena, mashine nyingi tunazinunua zikiwa zimeshatumika. Kiwanda kikiacha kuishughulikia chipu, piloti iliyofungwa haina tena wa kuirekebisha. Ile iliyo wazi, yenye amri zilizoelezwa vizuri, fundi mwingine anaweza kuiendeleza, na mashine ikabaki kazini.