Chemba na Chama: Lugha na Nafasi ya Mfanyabiashara Mdogo katika Historia ya Ushirikiano wa Kibiashara Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Historia ya biashara katika Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa kufuata bandari, reli na mazao ya kuuza nje. Makala hii inaifuata kwa njia ya lugha. Inadai kwamba chemba za biashara za nchi zetu zimejenga ushirikiano wa kweli, lakini mfanyabiashara mdogo alijipanga mahali pengine, kwa majina yake mwenyewe na kwa Kiswahili. Vikao hivyo viwili havijakutana vya kutosha hadi leo. Kwa mshauri wa sera hoja hii ina uzito, kwa kuwa inahusu kama mama anayevusha magunia mawili ya maharage pale Mutukula atanufaika na mikataba iliyotiwa saini kwa ajili yake.

2. Milango iliyotengwa

Chemba za kwanza zilikuwa vyombo vya wafanyabiashara wakubwa. Nchini Kenya, Wazungu, Waasia na Waafrika walikuwa na chemba zao mbalimbali mpaka mwaka 1965, zilipounganishwa kuwa Chemba ya Taifa ya Biashara na Viwanda (KNCCI). Ya Uganda ilikwisha kuwapo tangu 1933.

Tanganyika inatupa mfano wa njia nyingine. Mwaka 1934 Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha chama cha kuwaunganisha wafanyabiashara Waafrika. Mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kiswahili, akaliita Kwetu. Kwa mtafiti wa lugha, mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, mtu aliyetoka nchi jirani alichagua Kiswahili kuwa lugha ya kuwasemea wenye maduka wa makabila mengi. Pili, chama na gazeti vilikwenda pamoja: madai ya biashara yalihitaji lugha ambayo wenye madai wangeweza kuisoma na kuijibu.

Msamiati wenyewe unasema jambo. “Chama” ni neno ambalo mwananchi analimiliki. Huwamo katika chama cha akiba, cha ushirika na cha mazishi. “Chemba” lilikuja na ofisi. Katika mazungumzo ya kawaida Tanzania, kumvuta mtu chemba ni kumpeleka kando ili wengine wasisikie. Hatuwezi kujenga historia juu ya neno moja, lakini maana hiyo inafanana na jinsi chombo hicho kilivyoonekana kutoka nje: chumba cha wachache.

3. Kufungwa na kufunguliwa kwa mipaka

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara binafsi Tanzania ilibanwa, na Operesheni Maduka ya 1976 ililenga kuweka maduka ya ushirika na ya vijiji mahali pa maduka ya watu binafsi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Biashara ndogo haikufa. Ilibadilishwa jina ikaitwa magendo. Mwaka huohuo wa 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwaandama watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini, wakiwamo wachuuzi.

Mageuzi ya kiuchumi yalipoanza, vyombo vipya vilizaliwa. Tanzania iliunda chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima (TCCIA) mwaka 1988, ikajitanua mikoani na wilayani. Mwaka 1997 lilianzishwa Baraza la Biashara la Afrika Mashariki (EABC), lenye makao Arusha, ili sekta binafsi ya nchi wanachama iwe na sauti moja mbele ya Jumuiya. Rwanda nayo iliunda shirikisho la sekta binafsi mwaka 1999, mahali pa chemba ya awali.

Mwaka 1999 pia yalianza maonyesho ya wajasiriamali wadogo ya Afrika Mashariki, yanayozunguka kati ya nchi wanachama kwa jina la Jua Kali/Nguvu Kazi. Sehemu ya kwanza ya jina ni ya Kenya, kutokana na mafundi wanaofanya kazi juani. Ya pili ni ya Tanzania: ni jina lilelile la kampeni iliyomwandama mchuuzi, ambalo sasa limekuwa bango la kumkaribisha. Hata hivyo, maonyesho hayo yalisimama juu ya vyama vya sekta isiyo rasmi, kando ya chemba. Mlango wa Fiah na mlango wa chemba viliendelea kuwa viwili.

4. Cheti kimoja, lugha ipi?

Athari za utengano huo zinaonekana mpakani. Jumuiya ina cheti cha uasili kilichorahisishwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha. Lakini msamaha huo hauondoi kodi nyingine za ndani. Asiyeelezwa tofauti ya ushuru na kodi kwa lugha anayoielewa ataona amedanganywa, na kesho atarudi kwenye njia za panya, ambako mzigo wake hauna ulinzi wowote wa sheria.

Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza lugha rasmi, na Kiswahili lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Mnamo Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliagiza Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi. Agizo hilo litapimwa kwenye dirisha la forodha kabla ya kupimwa kwenye kumbi za mikutano.

5. Hitimisho

Historia hii inaelekeza kwenye hatua tatu. Chemba za pande mbili za mpaka ziandae kwa pamoja istilahi za biashara za Kiswahili, ili “cheti cha uasili” kiwe na maana moja Busia, Namanga na Rusumo. Vyama vya wachuuzi vipewe viti vya kupiga kura katika chemba za wilaya. Na maazimio ya baraza la kikanda yatolewe kwa Kiswahili siku ileile yanapotolewa kwa Kiingereza. Fiah alilielewa hili kabla ya Jumuiya yoyote kuundwa: mfanyabiashara mdogo hujiunga na chombo anachoweza kukihoji.